Debe Lenye Tumbo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Stensili mbili za kudurufia gazeti zimechanika kabla ya saa nne. Baridi kali. Wino umeganda, nikautoa mlangoni upate jua, na jua la Juni hapa Sumbawanga ni la kuonyesha tu. Nassoro kazungusha mkono wa mashine mpaka akashika bega. Akasema gazeti hili litamuua kabla hajaoa. Nikamwambia azungushe.

Toleo la tatu limekwisha. La nne lazima liwe tayari tarehe ishirini na mbili, siku anayofika Bi Karla wa mfuko unaotufadhili. Mfuko wenyewe uko Ulaya. Kazi yao ni kuwapa fedha vijana wa huko, wa nchi zinazopakana, waandike habari kwa pamoja na kufuatilia mambo ya dunia badala ya kukaa bure. Mwaka jana wakasema wajaribu mpaka mmoja wa Afrika. Ukaangukia wetu. Mimi na Nassoro huku, Mutale na wenzake kule Mbala, Zambia. Gazeti tunaliita Jirani. Kurasa nne, mbili za Kiswahili, mbili za Kiingereza.

Bi Karla akiridhika, tunapata miaka miwili mingine. Asiporidhika, narudi sokoni kuuza maharage na mama.

Sitaki kuuza maharage.

Jumatano, 5 Juni

Fomu ya mfuko imefika. Wanataka mdhamini atie saini upya. Mtu mzima, mwenye mali, anayeheshimika. Wetu ni Mjomba Ladi, kaka yake mama, mnunuzi wa mahindi. Ananunua huku, ananunua na Mbala kupitia wakala wake. Chumba hiki ninachoandikia ni chake, nyuma ya ghala. Mashine ya kudurufu ni yake pia, aliinunua ushirika ulipouza vitu vyake. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ushirika. Walipotupunguza kazi, mimi na mashine tukahamia kwa Mjomba wiki ile ile. Husema alilipia mashine, mpwa akapewa kama nyongeza.

Habari kubwa ya toleo la nne nimeshaichagua. Madebe.

Enzi za ushirika mahindi yalipimwa kwa mizani. Malipo yalichelewa hadi watu wakazeeka, lakini mizani ilikuwepo na kila mtu aliiona. Soko huria lilipokuja mizani ikaondoka. Kila mnunuzi kaja na debe lake. Wakulima wanalalamika kwamba madebe yamegongwa. Fundi anagonga bati kwa ndani, kitako na ubavu, polepole, mpaka linatuna. Debe linapata tumbo. Ukilitazama huoni kitu. Mkulima anamimina, anamimina, halijai.

Nimemwandikia Mutale apime kwao nasi tupime kwetu. Tutachapa pamoja.

Ijumaa, 7 Juni

Tumepima!

Njia ni rahisi. Unajaza maji debe la haki, unayamimina kwenye debe la mnunuzi. Nafasi ikibaki, huyo ni mwizi. Nassoro alitaka tuchukue debe jipya la mafuta dukani kwa baba yake, halijaguswa na mtu. Nikamcheka. Debe jipya nani analijua? Debe la mama yangu linajulikana soko zima. Wanawake wa Muze wanaopandisha mpunga kutoka bondeni wanamuuzia mama tu, kwa debe hilo, hawaendi kwa mwingine. Nililibeba mwenyewe kichwani, shingo juu, mtu angedhani nimebeba taji.

Wanunuzi wawili wameumbuka. Nafasi ya vidole viwili kila mmoja. Majina ninayo. La Mjomba Ladi lilijaa mpaka ukingoni, halikubakiza nafasi, halikumwaga. Sawa na la mama kabisa. Moyo wangu mweupe. La mwisho lilikuwa la baba yake Nassoro, Mzee Abdala, mwenye duka na lori, ambaye hununua mahindi kidogo kidogo. Hilo likafurika. Maji yakamwagika mpaka viatuni kwangu. Tukacheka sana. Nikamwambia Nassoro baba yake ndiye mfanyabiashara pekee nchini anayejipunja mwenyewe. Nassoro alicheka kidogo, kisha akaacha.

Mjomba nilimpa habari jioni. Akafurahi, akanipa rimu nzima ya karatasi.

Jumanne, 11 Juni

Barua ya Mutale, kaleta dereva wa lori. Kurasa mbili. Nimezisoma nimesimama.

Anasema wamepima madebe yote ya soko la Mbala kwa debe jipya la mafuta. Anasema linaloongoza kwa tumbo ni la wakala wa mjomba wangu. Vidole vinne. Anaomba radhi kuniambia. Anaomba radhi! Kijana sijawahi hata kumwona, tunaandikiana tu.

Nimekasirika. Wazambia hawa. Tumewapa nusu ya fedha, tumewapa nusu ya kurasa, sasa wanatupaka matope. Nimemwambia Nassoro kwamba Mutale hajui kupima. Nassoro kachukua kitambaa. Anafuta wino kwenye mashine hata pasipo na wino.

Nimemjibu Mutale. Maneno makali. Sijutii hata moja.

Alhamisi, 13 Juni

Jibu lake limekuja upesi kuliko nilivyotaka. Mistari mitatu. "Dada Spera, tusigombane kwa barua. Jumapili njoo Kasesya na debe lako. Nami nitakuja na langu."

Vizuri. Nitakwenda huko mpakani. Nitamwaibisha mbele ya forodha ya nchi mbili.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi. Sijala. Naandika ili nisije nikajidanganya kesho.

Tulipanda lori la Mzee Abdala alfajiri, mimi, Nassoro na debe la mama. Vumbi la njia nzima. Mpakani malori yamejipanga, wapagazi wanaota moto. Mtu wa forodha akaniuliza debe tupu linakwenda Zambia kufanya nini. Nikamwambia linakwenda kushinda kesi.

Mutale ni mrefu, ana koti kubwa la mitumba linalomfika magotini. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini Kimambwe chake na Kifipa changu ni ndugu, tukaelewana vizuri kuliko nilivyopenda. Debe lake la mafuta jipya, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa, bati limenyooka pande zote. Akasema nichague nani ajaze. Nikasema najaza mwenyewe.

Nilijaza lake. Nikayamimina kwenye la mama.

Hayakufika. Nikadhani nimemwaga njiani. Nikarudia. Wapagazi wakaacha moto wao wakaja. Mara ya tatu akajaza yule mtu wa forodha, kakunja mikono ya shati, makini kama daktari. Nafasi ya vidole vinne.

Ndipo nikaelewa yote kwa mkupuo. La Mjomba lilikuwa sawa na la mama kwa sababu yote mawili yana tumbo moja. La Mzee Abdala lilifurika kwa sababu lilikuwa la haki. Mtu mmoja mwaminifu katika soko zima, na mimi nilimcheka viatu vikiwa vimelowa.

Nassoro alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Ameifunga muda mrefu sana. Alijua tangu Ijumaa ile. Alinistahi.

Mutale hakucheka wala hakusema nilikwambia. Alisema, "Pole, dada." Ningemshukuru angenitukana.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemuuliza mama.

Alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo. Niliweka debe mbele yake nikamwambia nilichokiona Kasesya. Nilitaka akatae. Nilikuwa tayari kumwamini angekataa.

Hakukataa. Aliendelea kuchagua, akatupa vijiwe vitatu, kisha akasema, "Wewe ulisomaje, Spera?"

Basi. Hilo tu. Debe alipewa na Mjomba mwaka aliofariki baba, likiwa limeshagongwa. Alilijua tangu siku ya kwanza. Ada ya shule, sare, cheti cha kupiga chapa, vyote vilipitia humo. Mimi nimelelewa na tumbo la debe, na wanawake wa Muze wamelijaza kwa miguu, kutoka bondeni, mizigo kichwani, wakishukuru kwamba kuna mama Spera.

Nina aibu. Nina hasira naye. Nampenda. Yote matatu yamekaa pamoja na hayataki kupishana.

Nimekwenda dukani kwa Mzee Abdala. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Nikaomba radhi kwa kile kicheko. Akasema debe lake lilimtia hasara miaka yote hii, angalau safari moja limewachekesha watu. Akanipa chai.

Jumatano, 19 Juni

Mjomba Ladi kaja chumbani. Sijui nani kamwambia, mtu wa forodha, dereva, au mama. Hakufoka. Mjomba hafoki, ndiyo maana ana mali. Alikaa juu ya rimu za karatasi, fomu ya mfuko mkononi, sehemu ya saini bado tupu.

"Mpwa wangu, andika wale wawili. Watu wabaya wale, hata mimi nawajua. Langu na la mama yako liache. Mimi natia saini, mzungu anafurahi, gazeti linaendelea. Kuna ubaya gani?"

Nikamwambia ubaya uko kwenye kitako cha debe.

Akacheka. Kisha akasema pole pole kwamba nikimtaja hatatia saini. Na chumba atakihitaji, mahindi yanaingia, ghala halitoshi. Na mashine ni mali yake. Alisema yote hayo huku anainyoosha fomu isikunjike. Alipotoka nikamwona mama amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Akaondoka na ungo wake.

Nimepiga hesabu ya maisha yangu. Miaka miwili ya kazi ninayoipenda, kwa kufuta majina mawili. Mtu mwenye akili angefuta. Miaka yote nimejiona mwenye akili.

Sifuti. Hata kidogo.

Wale wawili niwaandike mimi, halafu nani aniamini? Mkulima wa kijijini Kaoze anajua debe la Mjomba linavyomeza kuliko ninavyojua mimi. Akilisoma gazeti halina jina la Mjomba atalifungia mkaa, na atakuwa amefanya vyema.

Ijumaa, 21 Juni

Nimechapa stensili alfajiri, vidole havina damu kwa baridi. Kichwa cha habari: DEBE LA MAMA YANGU. Nimeanza naye. Jina lake, jina langu, kosa langu la kupima kwa debe la nyumbani, kicheko changu kwa Mzee Abdala. Kisha Mjomba, huku na Mbala. Kisha wale wawili. Kurasa za Kiingereza ni za Mutale, amekuja kwa lori la jana kutusaidia, kalala kwa kina Nassoro. Nilimwambia asinilinde. Hakunilinda. Kaandika vizuri kunishinda.

Nassoro kazungusha mkono tangu saa kumi na mbili hadi saa nne bila kutaja bega. Mutale anatoa nakala, mimi napanga, mimi nabana. Tumetumia ile rimu aliyonipa Mjomba. Nilipoigundua nilicheka hadi nikakaa chini.

Saa tano Mjomba kaja na kufuli jipya. Kakuta chumba tupu, mashine imefutwa inang'aa, ufunguo juu ya kiti. Shukrani zangu zimeandikwa kwenye karatasi, na sikuzikejeli. Alinifundisha kazi nyingi yule mzee. Magazeti yalikuwa kwenye lori chini ya turubai, njiani kwenda Kasesya, Mutale juu yake na koti lake. Nusu yetu iko dukani kwa Mzee Abdala, katikati ya sabuni.

Sina ofisi, sina mashine. Nimelala mchana kama mtoto mdogo.

Jumamosi, 22 Juni

Bi Karla kafika. Kijana, mdogo kwangu pengine, mkoba mgongoni, pua nyekundu kwa baridi yetu. Nimempokea dukani, kwenye benchi la wateja. Kabla ya chai kuisha aliniuliza habari za radi, kama ni kweli watu hapa huzituma. Wageni wote huuliza. Nikamwambia ningekuwa nazo nisingehangaika na gazeti.

Nikamtafsiria habari yetu, mstari kwa mstari. Alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Mwishoni macho yake yalikuwa yamelowa, akasema vijana wa kwao wanaandika juu ya mpaka wao kwa miezi na hawajafika hapa. Hii ndiyo kazi uliyoiomba mfuko, akasema. Hii hasa.

Halafu akauliza fomu.

Nikamweleza. Mzee Abdala akaweka miwani akasema ataweka saini yeye, leo, hapa hapa, kalamu iko wapi. Bi Karla akafungua kitabu cha kanuni. Akasoma. Akasoma tena akiwa anaona haya. Mdhamini hawezi kuwa mtu aliyeandikwa kwenye kazi inayofadhiliwa, kwa ubaya wala kwa uzuri. Mzee Abdala tumemsifu ukurasa wa pili. Mzee akaguna, akasema basi uaminifu wake unaendelea kumtia hasara.

Mwingine hatuna. Tukitafuta mwenye mali mjini hapa tunawakuta wote wana debe. Na fomu anarudi nayo kesho.

Bi Karla akapata njia. Kwa nia njema, naamini hivyo. Kama toleo hili halijasambazwa, likae kwanza. Mjomba atie saini. Fedha ziingie. Habari hii tuitoe mwakani, kwa utulivu, labda bila majina ya familia.

Nikamwambia limeshavuka mpaka. Asubuhi hii Mutale amelibandika ukutani soko la Mbala, kurasa zote nne. Nikamwambia hata lingekuwa bado liko hapa chini ya sabuni, jibu langu lingekuwa hilo hilo. Mfuko umewaomba vijana waseme mambo ya siku hizi. Debe ndilo jambo la siku hizi. Kama saini ya mwenye debe ndiyo inayotufungulia mdomo, basi tutasema tukiwa tumefungwa.

Hakukasirika. Alifunga kitabu cha kanuni taratibu, akanunua nakala kumi. Mteja wetu wa kwanza wa toleo hili. Nikamtoza bei kamili.

Jumatano, 26 Juni

Fedha hakuna. Imeshakuwa hivyo, naiandika ili niache kuizungukazunguka.

Mjomba kapita karibu yangu sokoni kama nimekuwa nguzo. Wake wa kaka zangu hawaniongeleshi. Mmoja kaniita muuza mama. Nimelia uani, halafu nimenawa uso nikaenda kuuza magazeti. Yameisha. Kuna wazee hawajui kusoma wamenunua, wanasomewa na wajukuu.

Mjomba bado ananunua kwa debe lile lile. Lakini jana, asema Nassoro, mkulima mmoja wa Kaoze alikuja na ndoo yake ya maji na gazeti limekunjwa mfukoni. Akaomba wapime kwanza. Mjomba akamwambia aende akauze kwingine. Akaenda. Na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaenda naye.

Mutale kaandika. Wamepata ubao wa shule ya misheni, wataandika toleo la tano kwa chaki. Anauliza sisi tuna ukuta.

Tunao. Ukuta wa duka la Mzee Abdala, ule wa barabarani. Nimeshaupima.

Jumapili, 30 Juni

Nimetoka misa ya kwanza peke yangu. Mama hakwenda, alisema ana kazi.

Mlio niliusikia tangu barabarani. Bati. Nimemkuta uani, kakalisha debe juu ya gogo, kaligeuza kitako juu, anagonga kwa mchi wa kinu aliouzungushia kitambaa. Polepole, upande kwa upande, kama anayejua fundi alivyofanya na sasa anarudi njia ile ile. Hajaniongelesha tangu tarehe kumi na saba. Nikakaa kwenye ngazi nikiwa bado na nguo za kanisani.

Pembeni yake palikuwa na debe jipya la mafuta, limeoshwa. Alilinunua mwenyewe kwa Mzee Abdala, asubuhi, kabla duka halijafunguliwa rasmi.

Alipochoka aliligeuza, akanisogezea. "Pima," akasema.

Nikajaza jipya maji ya mtungini. Nikayamimina kwenye lake. Yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni, yakatulia hapo. Tone moja likateremka ubavuni. Mama akalifuta kwa kanga. Bati limejaa makovu ya mchi, halipendezi tena, kila atakayeliona atauliza.

Kesho wanawake wa Muze wanapanda na mpunga. Mama amesema atawaambia yeye mwenyewe, ila hataki kuwa peke yake.

Nitakwenda naye. Nitauza maharage.